Tuta Lililobaki Katikati

Kwako Kendi,

Umeenda kwa nyanya yako kuaga, na mimi nimebaki na meza, kalamu ya babako na karatasi hizi. Ningengoja urudi tuongee kama watu. Lakini wiki hii tumejaribu, na unajua inavyokwenda: mimi nasema neno moja, wewe unasema kumi, babako anatoka nje kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Karatasi huwezi kuikatiza. Kesho utaisoma ukiwa njiani, ukikasirika utaikunja, halafu utaikunjua tena, kwa sababu umbea uliurithi kwangu.

Sitaandika habari za neti ya mbu wala za kuchemsha maji. Zile sweta tatu nilizitoa kwenye begi kwa makusudi, usizirudishe. Ishiara unakokwenda si kama hapa Kibirichia. Huko nilikozaliwa mimi sweta ni adhabu. Hayo mengine yote nimeyasema, na nina hakika saa hii nyanya yako anayasema tena kwa sauti ya juu zaidi, akidhani mara ya kwanza hukusikia.

Nataka kuandika juu ya ile grupu ya WhatsApp.

Usipumue hivyo. Najua umepumua.

Binamu yako Munene alipokuambia uende mlime matikiti na yeye na wenzake kule kwa mjomba wako, nilifurahi mpaka nikaunguza chai. Nilijua amekutafuta kwa sababu unajua miche. Miche huijui kwa kubahatisha, umeilea kwenye zile nyumba za plastiki za kukuzia miche karibu na Kiirua, na hata babako ambaye hasifu kitu amekubali kwamba mkono wako hauui mbegu. Kisha Munene akaandika kwenye grupu jinsi mtakavyogawana kazi: yeye maji, Mugendi dawa, Njiru soko, na wewe "miche na jikoni." Jikoni. Ukatoka kwenye grupu. Wakakurudisha. Ukatoka tena. Kisha ukaja kuniambia, "Mama, niache tu. Nikifika nitamwonyesha."

Kwanza niandike kwa herufi kubwa ili usije ukasema sikusema: UNA HAKI. Wanaume watatu wenye mikono sita hawawezi kumngoja msichana mmoja atoke kitaluni ndipo ugali uive. Kama ungekubali kimya kimya ningekushangaa.

Lakini nimekaa nikajiuliza, ukifika utamwonyesha nini?

Mwaka jana ulirudi kutoka Kiirua na godoro juu ya pikipiki, wewe mwenyewe umelikalia kama mtu anayelizuia lisiruke. Sikukuuliza. Baadaye ndipo niliposikia kwamba kulikuwa na msichana wa chumba chenu aliyevaa gambuti zako za mvua, nawe ukakaa bila kumwambia, ukanuna, yeye akanuna kwa sababu umenuna, chumba kizima kikanuna, na mwishoni ukafunga godoro. Gambuti zenyewe uliziacha huko. Kwa hilo nilicheka, nisamehe. Lakini jioni moja ulikuwa unamenya viazi na Karimi wa jirani nikakusikia ukimwambia, "Mimi siwezi kuishi na watu. Nimeumbwa hivyo." Ulisema polepole, kama mtu anayetaja kabila lake. Hapo sikucheka, Kendi. Tangu siku hiyo, kauli hiyo ndiyo inayoninyima raha. Matikiti yakikataa mtapanda kitu kingine. Lakini ukirudi tena na godoro, utaamini yale maneno kabisa, na mimi sitakuwa na la kukujibu.

Kwa hivyo nitakuambia juu yangu na mama Karimi.

Wewe unamjua mama Karimi kama mtu anayeingia kwetu bila kubisha na kufunua sufuria. Hujui kwamba kuna wakati alikuwa akiniona barabarani anavuka upande wa pili, hata kama upande wa pili ni matope. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Mimi nilikuwa msichana tu, nimeachia masomo kidato cha pili, nimeolewa kwenye baridi hii, Kimeru changu kinachekwa na watoto. Watu walikuwa wananiita "yule wa Mbeere." Hawakuwa na ubaya. Hata mbuzi aliyenunuliwa mbali huitwa kwa alikotoka.

Kikundi cha kuchimba viazi kilinichukua mapema, kwa hilo nawashukuru. Wewe umekua ukikiona. Wanawake wote wanaingia shamba la mmoja, wanachimba, wanaokota, wanachagua vikubwa na vya mbegu, wanashona magunia, na siku nyingine wanaingia shamba la mwingine. Mwenye shamba kazi yake ni kupika. Na hapa kwetu chakula cha wachimbaji si chakula tu. Kinaangaliwa. Kinajadiliwa njiani kurudi nyumbani. Mtu anaweza kusahaulika jina lakini mukimo wake, vile viazi vya kuponda, ukiwa na majimaji utakumbukwa mpaka kwenye mazishi yake.

Zamu yangu ya kwanza ikafika. Nikafikiria sana. Nikajiambia, hawa watu wana udongo wa viazi mpaka kwenye viwiko. Wamekula viazi asubuhi. Watakula viazi jioni. Mchana huu, angalau, wapumzishe macho. Mama yangu alikuwa amenitumia ndengu kutoka nyumbani, zile za kijani zinazong'aa. Nilikuwa nimezificha hata babako asizione. Nikapika ndengu zote, na wali mweupe. Kule kwetu mgeni akipewa hivyo anaelewa kwamba amependwa.

Nikabeba sufuria mpaka shambani nikiwa najisikia kama bibi harusi.

Mama Karimi ndiye aliyefunua. Akaangalia. Akachukua mwiko akainua ndengu za juu akaangalia chini yake. Akafunua na wali pia, akauchungulia pembeni, kama mtu aliyeangusha pete.

"Mama Kendi," akasema, "viazi viko wapi?"

"Viko shambani," nikamjibu.

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikidhani mambo yameanza vizuri. Yeye hakucheka. Akasema, "Yaani tuchimbe viazi asubuhi nzima halafu tupewe chakula cha mgonjwa?"

Sasa hapo, Kendi, kama ningekuwa na akili ningemuuliza, una nini leo? Maana mama Karimi ni mcheshi, na ile haikuwa sauti yake ya mzaha. Lakini nilikuwa nimeumia, na mdomo wangu wakati huo ulikuwa kama wako. Nikasema, "Mgonjwa ni yule anayekula kitu kimoja tangu azaliwe."

Kicheko kilikatika. Niliinua macho nikaona wanawake wote wa kikundi wananiangalia, na wote, kila mmoja, walikuwa wamekula kitu kimoja tangu wazaliwe.

Zamu iliyofuata ilikuwa kwa mama Karimi mwenyewe. Unajua nilifanya nini? Nilienda na hotipoti yangu. Kwenda kwenye shamba la mtu kumchimbia na chakula chako mwenyewe kwapani! Heri ningemtukana kwa jina. Niliketi kando nikaifungua polepole ili mfuniko ulie. Mama Karimi akaona. Akaja na sahani, na juu ya sahani ameweka kiazi kimoja, kidogo, kimechemshwa na maganda. Akaniwekea mbele. "Anza na hiki," akasema. "Ukizoea tutakuongezea."

Kutoka hapo kikundi kikapasuka. Kulikuwa na upande wa ndengu na upande wa viazi. Usifikiri upande wangu walipenda ndengu. Mmoja alikuwa na ugomvi na mama Karimi kwa sababu ya kuku, mwingine kwa sababu ya kiti cha kanisani. Walipata tu mahali pa kuuweka. Na upande wake vivyo hivyo. Mwenyekiti wetu alikuwa mama Mwiti, mtu mpole, na kazi yake ikawa kubeba maneno. Mimi na mama Karimi tumesimama karibu kiasi cha kuweza kupeana chumvi, na mama Mwiti yuko katikati:

"Mama Karimi anasema umsogezee gunia."

"Mwambie gunia liko mguuni pake."

"Anasema liko mguuni pako."

"Nimesikia, mama Mwiti."

"Anasema amesikia."

Siku moja mama Mwiti akatuita tukakaa kwenye nyasi, tukaombewa, tukaambiwa tusameheane na tushikane mikono. Tukashikana kama watu wanaookota kiazi kilichooza. Amani ilifika mpaka kwenye lango. Baadaye ikatungwa sheria kwamba hakuna mtu kutaja chakula shambani. Basi tukawa tunachimba kimya. Mama Mwiti alifurahi sana, akasema sasa kikundi kimetulia. Kilikuwa kimetulia kama maiti. Ulikuwa unasikia majembe tu.

Hivyo ndivyo tulivyoingia shamba la nyanya Kanyua.

Nyanya Kanyua alikuwa mjane, anaishi peke yake, shamba lake liko pale kwenye mteremko. Upande wa viazi ulianza kuchimba kutoka juu, upande wa ndengu ukaanza kutoka chini. Hakuna aliyepanga, ni vile tu hakuna aliyetaka kupumua karibu na mwenzake. Tukachimba tuta baada ya tuta tukikaribiana, mpaka katikati likabaki tuta moja. Sisi tukajua ni lao. Wao wakajua ni letu. Kuuliza kungekuwa ni kuongea. Tukabeba majembe tukaenda nyumbani, kila upande ukisema wale wengine ni wavivu.

Ikanyesha. Unaijua mvua ya hapa ikiamua. Ilipoacha, nyanya Kanyua akatembea shambani kwake akalikuta lile tuta. Na ndilo tuta ambalo alikuwa amepandia mbegu yake nzuri aliyoichagua kiazi kimoja kimoja, ya kupanda msimu unaokuja. Nusu ilikuwa imeanza kuoza.

Asubuhi na mapema nikasikia kitu kinamwagwa mlangoni. Nikafungua. Nyanya Kanyua amesimama na kikapu, na kwenye kizingiti changu kuna viazi vilivyooza, vinatoa yale maji. Hiyo harufu unaijua, sitaieleza, maana barua hii utaisoma ukiwa umeshakula. Nilingoja aseme neno la busara, kwa vile alikuwa mzee. Hakuwa nalo. Alisema, "Nusu ni yako, nusu nimempelekea yule mwingine. Mje mnichimbie kilichobaki, nyinyi wawili tu. Msipokuja nitarudi na gunia."

Tulienda. Ungeenda hata wewe.

Tukafika, mimi na mama Karimi na tuta moja. Kazi ya tuta moja ni rahisi: mmoja anachimba, mmoja anaokota. Lakini kuamua nani aokote kulihitaji kuongea, kwa hivyo sote tukashika majembe. Yeye akaanzia mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule, viazi vinabaki nyuma yetu vimelala kwenye matope bila mwokotaji. Halafu nikasikia *chwa*. Alikuwa amepasua kiazi katikati kwa jembe. Nikacheka. Nikiwa bado nacheka nikapasua changu. Akacheka yeye, kile kicheko cha puani. Nikamwambia, bila mama Mwiti wa kunibebea, "Cheka vizuri, usije ukapaliwa."

Na hapo ndipo tulipogombana, Kendi. Kugombana kwa kweli, si kwa hotipoti. Nyanya Kanyua alikuwa mlangoni anatusikiliza na hakuja kutuamua. Nadhani alikuwa ameleta kiti. Mama Karimi akaniambia najiona. Nikamwambia yeye ndiye aliyenidharau mbele ya watu kwenye shamba langu. Akatupa jembe akapiga kelele, "Na fuko je?"

Nikajua ananitukana. "Fuko ni nani?"

"Fuko, fuko! Yule wa chini ya ardhi! Siku ile tunachimba kwako, fuko alikuwa anavuna kwangu. Kila asubuhi naamka nakuta ameinua udongo mahali pengine. Nilimwambia mama Mwiti tuanze kwangu, akasema zamu ni zamu. Nikaja kwako nikachimba viazi vyako vizuri, vyangu vinaliwa, kisha nikafunua sufuria..."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Tungebadilishana siku."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umeshapika."

Nikasimama pale na matope. "Kwa hivyo hazikuwa ndengu?"

Akafikiria kidogo, maana ni mtu mkweli. "Ndengu pia zilikuwa mbaya."

"Zilikosa nini?"

"Zilikosa viazi!"

Nikaketi juu ya gunia nikacheka mpaka nikalia, na nikiwa nalia nikajikuta nimemwambia habari za mama yangu aliyezituma zile ndengu, na kwamba nilizipika kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha kwamba mimi pia nimetoka mahali. Akaketi na yeye, juu ya gunia lile lile.

"Ungesema," akasema.

"Ungeuliza."

"Wewe ndiye mwenye ndengu, ungesema."

"Na wewe ndiye mwenye fuko, ungesema wewe."

Tukainuka tukarudi kazini, tukabishana hivyo mpaka tuta likaisha. Hakuna aliyeshinda, na mpaka leo anaamini mwenye makosa ni mimi. Tulipomaliza ndipo tulipogundua kwamba muda wote huo yeye alikuwa anachimba na mimi naokota.

Lakini sikuandika haya yote nikuambie tu kwamba tulicheka. Kucheka hakumfukuzi fuko. Ile zamu bado ilikuwa vile vile, msimu unaofuata fuko angeingia kwa mwingine na tungeanza upya. Basi tukaenda kwa kikundi pamoja. Watu walipotuona tumeingia lango moja walitukodolea macho kama wameona ng'ombe amepanda mti. Hatukusema nani alikosa. Tulisema tu: hii zamu yetu inaumiza watu, tuifanyeje? Kumbe kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alikuwa anaogopa zamu yake kwa sababu hana sufuria kubwa na anaona haya kuazima. Mwingine alikuwa na mtoto mchanga na hawezi kufika mapema. Mama Mwiti mwenyewe, maskini, alisema amechoka kuwa simu yetu, na alikuwa ameogopa kutuambia tusije tukakasirika.

Ubishi uliendelea mpaka chai ikapoa. Kila wazo likitolewa kuna aliyelipinga, lakini sasa aliyepinga alikuwa anaambiwa, "Haya, toa lako," na akishindwa anakaa. Mwisho tukakubaliana na lile unaloliona mpaka leo. Kabla ya msimu wa kuchimba tunatembea sote, shamba hadi shamba, tunafukua kidogo, tunasugua kiazi kwa kidole gumba. Ganda likikataa kutoka, shamba hilo liko tayari na linaingia mbele. Likichubuka, lingoje. Na palipoingia fuko panatangulia pote, hata kama ni kwa mtu asiyependwa. Chakula nacho kila mtu analeta alichonacho, kinapikwa shambani kwenye sufuria moja. Siku ya kwanza kulikuwa na viazi, ndengu, kabeji, na kitu ambacho hakuna aliyekubali kwamba alikileta. Hakikuwa kitamu, nisikudanganye. Lakini kiliisha.

Na usidhani mimi na mama Karimi tuliacha kugombana. Juzi tu tumegombana juu ya sindano ya magunia mpaka majirani wakatoka. Tofauti ni kwamba siku hizi tunagombana siku hiyo hiyo, tukiangaliana, na juu ya kitu chenyewe.

Sasa Munene. Mimi nimembeba Munene mgongoni kabla sijakubeba wewe, na nakuambia kichwa chake kilikuwa kizito tangu hapo. Mawazo yalikuwa yanafika, lakini yalikuwa yanafika yamechelewa. Sijui kwa nini alikuandika jikoni. Labda ni upumbavu tu wa wavulana. Labda wamepikiana mpaka wameumwa na tumbo na anaona haya kusema. Labda aliandika haraka akafikiri miche haichukui siku nzima, kwa sababu hajawahi kulea mche hata mmoja. Mimi sijui, na wewe hujui. Huwezi kumwonyesha mtu kitu ambacho hujamwambia. Ukifika na uso wa kumwonyesha, ataona uso tu, atadhani ni joto.

Wewe mwambie miche inataka nini na jikoni hutaki nini. Kisha umwachie naye nafasi, na wale wengine wawili pia, mkiwa mmezunguka hiyo sufuria yenyewe ikiwa chafu, kila mmoja aseme kazi inayomshinda. Huenda yuko anayependa kupika na hajaulizwa. Na kama baada ya hayo yote, umesema na umesikia, bado atakuambia jiko ni la msichana, nipigie simu. Nitapanda gari la kwanza. Na sitakuwa nakuja kuwapatanisha.

Nikuambie jambo lingine, najua utanipigia kelele. Leo mchana nilishika simu nikatafuta jina la Munene. Nilitaka kumfundisha adabu kabla hujafika. Ikalia mara moja nikaikata, nikaona haya, maana nilikuwa nakaribia kuwa mama Mwiti wenu. Akanipigia yeye.

"Anti, umenitafuta?"

"Nilibonyeza vibaya."

"Sawa. Anti, simu ya Kendi iko na shida? Naona kila tukimweka kwenye grupu inamtoa."

Inamtoa! Kendi, wewe umekaa wiki nzima umekasirika mpaka umekonda, na binamu yako anafikiri ni simu. Nilishika mdomo kwa mkono nisimwambie. Nilimwambia tu, "Muulize mwenyewe," nikakata.

Nasikia mbwa ananung'unika kama anamwona mtu wa nyumbani, kwa hivyo lazima ni wewe unarudi. Nilitaka kumalizia na maneno mazuri niliyokuwa nimeyafikiria, lakini ngoja. Unaongea na simu. Umesimama langoni huingii.

"Hapana, simu ni nzima. Nilitoka mwenyewe." Hivyo umesema. "Kwa sababu nilikasirika, Munene."

Halafu kimya. Kimekuwa kirefu mpaka nikadhani mtandao umepotea au umeanguka kwenye mtaro. Nimeenda dirishani kuchungulia. Uko pale pale, umeegemea nguzo, simu iko sikioni na mdomo umefungwa. Tangu uzaliwe sijakuona umesikiliza mtu kwa muda huo. Kisha ukasema, "Kumbe." Kisha, "Sasa hiyo mbona hukuandika?" Kisha ukainua mkono kama mtu aliye darasani: "Ngoja, ngoja, wewe umemaliza, sasa na mimi."

Umegeuka, nimerudi mezani haraka nimegonga goti. Sijui anakuambia nini, wala sitakuuliza. Chakula kiko tayari na babako ameshaanza kuita. Nimemwambia akuache, aje akae, tutakula mtakapomaliza.

Mimi mamako,
Wawira